Ngano haivuki kizingiti: mgahawa wa Ngamiani na kikao chake cha Jumamosi

Mgahawa ninaouandikia tathmini hii hauna kibao mlangoni. Uko Ngamiani, jijini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, ndani ya nyumba ya kawaida ya Kiswahili yenye baraza mbele na ukumbi mrefu, na anayeulizia kwa mama asiyepika ngano ataelekezwa hata na dereva wa bajaji. Mwenyewe ni mama wa makamo ambaye wateja, wakubwa kwa wadogo, humwita Bi Mkubwa, naye ameomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa hapendi watu wa mbali wamjie wakidhani ni mganga. Anauza staftahi na chakula cha mchana, na kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri ukumbi wake hugeuka kuwa kikao cha watu wenye maradhi ya kudumu ambao wameacha, au wanajaribu kuacha, vyakula vyenye gluteni. Nitavitathmini vyote viwili, mgahawa na kikao, kwa sababu wateja wake wengi hawavitenganishi. Na niseme mapema kwamba chakula nimekipenda kuliko baadhi ya mazungumzo.

Kwa asiyeijua, gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai, nayo ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa na chapati ikunjike bila kukatika. Watu wengi huila maisha yao yote bila madhara. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kuwa adui, na katika kupambana nayo huharibu vinyweleo vidogo vinavyofunika ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba, ambavyo kazi yake ni kufyonza lishe. Hapo ndipo huja kuharisha, tumbo kujaa, kukonda, upungufu wa damu usiosikia dawa, mifupa kudhoofika, watoto kudumaa, na kwa wengine upele wa malengelenge unaowasha viwikoni na magotini. Mimi ni mmoja wa wagonjwa hao. Ugonjwa wangu ulithibitishwa kwa kipimo cha damu na kwa vipande vidogo vya utumbo vilivyochukuliwa kwa mpira wenye kamera, na tiba niliyoandikiwa ni moja tu: kuacha gluteni moja kwa moja. Ndiyo maana naupima mgahawa huu kwa ukali kuliko mteja anayetafuta kitumbua kitamu tu. Codex, yaani kanuni za kimataifa za viwango vya chakula, inaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni endapo gluteni iliyomo haizidi miligramu 20 kwa kilo moja, na hicho ni kiasi ambacho vumbi la unga lililobaki kwenye kikaango laweza kukivuka.

Jambo la kwanza linalomfurahisha mgonjwa anayeingia hapa ni kwamba haoni chakula cha wagonjwa. Mpishi wa Pwani ana bahati ambayo mpishi wa London hana, kwani nusu ya anachojua kupika hakikuwahi kuhitaji ngano tangu enzi za bibi zake. Asubuhi kuna vitumbua, mkate wa kumimina, bhajia za kunde, mbaazi za nazi, viazi vitamu na muhogo wa kuchemsha, pamoja na uji wa ulezi au wa mtama unaotiwa tui mwishoni, karibu na kuepua. Vitumbua ndivyo vinavyostahili sifa kubwa. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui zito na iliki, hutiwa hamira na kuachwa uumuke, na matokeo yake ni kitumbua chenye ukingo mkavu na moyo laini, kisichonywa mafuta, kinachouzwa shilingi 300. Mkate wa kumimina nao huokwa kwa makaa juu na chini mpaka uso wake uwe na rangi ya kahawia, na kipande cha shilingi 700 kinamtosha mtu mzima pamoja na chai ya tangawizi. Mbaazi, ambazo kwingineko mjini huliwa na maandazi, hapa huliwa na vibibi vya mchele, na kwa maoni yangu zimepata mwenzi mzuri zaidi, kwa sababu kibibi hufyonza tui bila kulainika mno.

Hata hivyo, vitumbua na mbaazi hupatikana kila mtaa wa Tanga, na kama ingekuwa suala la aina ya vyakula tu, nisingekuwa na haja ya kuandika. Thamani ya mgahawa huu iko katika vitu ambavyo mteja wa kawaida hatavitazama. Wauza vitumbua wengi huongeza unga wa ngano kidogo ili rojo lishikane. Viazi karai kwa wengine huchovywa katika unga wa dengu, na kwa wengine katika ngano iliyotiwa rangi ya manjano, wala kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mafuta yaliyokaangia maandazi alfajiri ndiyo yanayokaangia bhajia saa mbili na chipsi saa sita. Samaki hupakwa unga kabla ya kutumbukizwa karaini ili asishike chini. Mchuzi hukolezwa kwa viungo vya pakiti ambavyo baadhi yake vina ngano, na mishikaki hulowekwa katika mchuzi wa soya ambao, kinyume na watu wengi wanavyodhani, kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Mwenye siliaki anayekula nje kwa kuangalia tu jina la chakula ataugua huku akiapa kwamba hajagusa chapati.

Bi Mkubwa ameyafunga matundu hayo moja baada ya jingine. Jikoni mwake hakuna unga wa ngano kabisa, hata wa familia yake, na kijana aliyeingia siku moja na kuagiza chapati mbili alijibiwa kwa upole, "Ngano haivuki kizingiti hiki, mwanangu, lakini kaa nikupe kibibi cha moto." Chujio, mwiko na chano cha kupepetea havitoki nje kwa kuazimwa, jambo ambalo kwa ujirani wa Ngamiani si dogo, maana sinia na sufuria za shughuli huzunguka mtaa mzima, na mwanzoni majirani walimwona ana choyo. Viungo vya mchuzi huvinunua vizima na kuvitwanga mwenyewe. Samaki hukaangwa akiwa mkavu, bila unga, katika mafuta ambayo hayajakaangia kitu kingine isipokuwa bhajia zake.

Kinachonivutia zaidi ni namna alivyolimaliza tatizo la kusaga. Mashine za mtaani husaga mahindi, mtama, mchele, muhogo na ngano kwa zamu katika kinu kilekile, hivyo mtu aweza kununua mtama safi sokoni Mgandini na kurudi nyumbani na unga wenye ngano bila kujua. Bi Mkubwa na wanakikao wamekubaliana na mwenye mashine mmoja kwamba siku moja ya wiki, kabla ya wateja wengine kuamka, kinu kifagiliwe na kupulizwa, kisha zipitishwe kilo kadhaa za mahindi ambazo unga wake wa mwanzo hutengwa kwa ajili ya kuku, na baada ya hapo ndipo nafaka zao zisagwe kwa pamoja. Gharama ya mahindi ya kusafishia hugawanywa kwa wote. Utaratibu huo hauna uzito wa kipimo cha maabara, na mwenye mwili unaoshtuka kwa punje ndogo anapaswa kulizingatia hilo kabla ya kununua, lakini ni hatua ambayo sijaiona kwingine mkoani, na inafanywa na watu wasio na mtaji wala mashine yao wenyewe.

Chakula cha mchana ni kizuri bila kuwa cha ajabu. Wali wa nazi na samaki wa kupaka ni shilingi 5,000, na samaki hutoka soko la samaki la Deep Sea asubuhi ileile, kwa hiyo siku ya upepo mkali huenda ukakuta dagaa badala ya changu. Ugali wa dona kwa dagaa wa nazi ni shilingi 3,000. Ijumaa kuna pilau, na hiyo huisha mapema.

Yasiyonifurahisha nayo yapo. Chapati za unga wa muhogo, ambazo Bi Mkubwa huzitengeneza kwa ajili ya wanaolilia chapati, ni nzuri kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Zikipoa huwa ngumu na kukatika vipande, na ningependelea mtu akubali kuikosa chapati kuliko kuilipia shilingi 800 kwa kuikumbuka tu. Keki ya unga wa mchele ina chembechembe mdomoni. Sukari ni nyingi katika vitumbua na katika mkate, na nimewasikia wateja wakijifariji kwamba maadamu hakuna ngano basi hakuna tatizo, ilhali mchele mweupe na muhogo hupandisha sukari ya damu upesi, na chakula kisicho na gluteni si lazima kiwe chakula cha mwenye kisukari. Jambo hili lina uzito hapa kwa sababu kisukari cha aina ya kwanza na siliaki hufuatana mara nyingi kuliko bahati tupu ingeweza kuleta, na wateja wenye vyote viwili wapo.

Pia kuna suala la damu. Unga wa ngano unaosagwa viwandani nchini huongezewa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa mujibu wa kanuni za urutubishaji, kwa hiyo anayeacha ngano huacha na nyongeza hiyo, na akiijaza nafasi yake kwa wali na muhogo mtupu atabaki na upungufu uleule wa damu uliompeleka hospitalini. Dawa yake iko sokoni: dagaa, maini, kunde, maharage, mchicha, kisamvu, ulezi. Mgahawani mboga za majani hupatikana siku fulani fulani, nami naona zingepaswa kuwemo katika kila sahani bila mteja kuziomba, hasa kwa kuwa mboga kutoka Lushoto huingia Tanga mwaka mzima na bei yake si ya kutisha.

Sasa kikao. Watu wanaohudhuria hawafiki ishirini, na maradhi yao hayafanani. Yupo mama mwenye mtoto wa kisukari na siliaki, yupo mzee aliyefanya kazi mashamba ya mkonge ambaye upele wake ulitibiwa kama fangasi kwa miaka mingi, wapo wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, na wapo ambao matumbo yao huwasumbua bila daktari yeyote kuwapa jina la ugonjwa. Hakuna ada wala mwenyekiti. Kila mtu hueleza wiki yake ilivyokuwa, alikula nini, kilimfanya nini, na wengine humuuliza maswali ambayo katika chumba cha daktari hakuna muda wa kuulizwa.

Nilichojifunza hapo kisingetosha katika karatasi ya ushauri ya hospitali yoyote. Unga wa lishe, ambao kila mgonjwa huambiwa anywe uji wake apate nguvu, mara nyingi huwa na ngano iliyochanganywa na ulezi, soya na karanga, na mgonjwa wa siliaki hunyweshwa uji huo kwa nia njema kabisa. Vinywaji vya kimea vya dukani mara nyingi hutokana na shayiri. Bokoboko la harusini ni ngano nzima iliyopondwa pamoja na nyama, ingawa mgeni aliyezoea kuliona sahanini aweza kudhani ni mchele. Urojo hupewa uzito wake kwa unga wa ngano. Vidonge vichache hushikamanishwa kwa wanga wa ngano, kwa hiyo mfamasia aulizwe. Mkristo mmoja alieleza alivyohangaika na hostia, yaani mkate wa komunyo unaotengenezwa kwa ngano, akaelezwa na mwenzake kwamba Kanisa Katoliki haliruhusu hostia isiyo na gluteni kabisa lakini linaruhusu yenye gluteni kidogo mno, na kwamba asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kukomunika kwa divai peke yake. Mwenzake huyo ni Mwislamu, aliyeyajua hayo kwa kumuuguza jirani.

Kuna pia habari ya maziwa, ambayo kwa mkoa wenye maziwa mengi kama Tanga ina maana yake. Utumbo uliojeruhiwa hupoteza kwa muda uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, hivyo mgonjwa mpya huacha ngano, akaendelea na vikombe vyake vya maziwa, tumbo likaendelea kujaa, akakata tamaa na kusema kuacha ngano hakusaidii. Kikaoni humshauri apumzike na maziwa kwa miezi michache, au ahamie kwenye mtindi, kisha ajaribu tena, na huo ni ushauri ambao hata wataalamu wa lishe huutoa.

Lakini huduma iliyo bora kuliko zote kikaoni haihusu maarifa ya chakula. Anayeingia kwa mara ya kwanza hupewa mwenza, ambaye hufuatana naye sokoni, humwonyesha muuza dengu anayesaga mwenyewe na yule asiyejua unga wake umetoka wapi, na huenda hadi nyumbani kwake ikibidi. Kwetu, kukataa chakula ulichoandaliwa ni kumvunjia heshima mwenyeji, na mke kijana anayeacha maandazi ya mama mkwe ataambiwa anaringa muda mrefu kabla hajaambiwa anaumwa. Niliambiwa habari ya bibi mmoja wa kikao aliyejitanda kanga yake, akaenda kwa mama mkwe wa mwenzake, akaamkiwa, akakaribishwa mkekani, akazungumza habari za ukoo na za mvua kwanza, na mwisho kabisa ndipo akasema, "Mwenzangu, mkweo huyu daktari amempiga mwiko wa ngano, kama mimi." Mwiko wa daktari uliotamkwa na mtu mzima haukuhitaji maelezo zaidi, na tangu siku hiyo mama mkwe humchemshia mkwewe viazi vitamu. Sijui ni kliniki gani ingeweza kutoa huduma hiyo, na kama ningepewa nafasi ya kulisifu jambo moja tu katika ukumbi ule, ningelisifu hili.

Kikao hiki pia kimewasaidia watu kuondokana na dhana kwamba siliaki ni ugonjwa wa Wazungu, dhana ambayo huwachelewesha wagonjwa weusi kupimwa. Ni kweli kwamba umechunguzwa zaidi Ulaya, ambako inakadiriwa humpata takriban mtu mmoja katika kila mia, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi nchini Algeria, uliwakuta zaidi ya watoto watano katika kila mia wakiwa nao. Ugonjwa huu hurithika, na ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa naye, wana uwezekano wa takriban mmoja katika kumi wa kuwa nao. Wanakikao huambiana wawapeleke ndugu zao kupimwa, na baadhi wamefanya hivyo.

Hapo kwenye kupima ndipo ninapokosana na kikao. Wapo wanaoacha ngano kwanza na kwenda hospitali baadaye, na wapo wakongwe wanaowashauri wageni wafanye hivyo, kwa hoja kwamba mwili wenyewe utatoa jibu. Hoja hiyo inasikika vizuri lakini ina madhara. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni inapoliwa. Mtu akishaacha, kingamwili hupungua, utumbo huanza kupona, na majibu yaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa ilhali anao. Ili apimwe upya, daktari humtaka arudi kula ngano kwa wiki kadhaa, adhabu ambayo aliyekwisha kupata nafuu hawezi kuikubali kwa urahisi. Kijana mmoja kikaoni yuko katika njia panda hiyo hivi sasa: amepata nafuu, hana jina la ugonjwa wake, hajui kama mwanawe apimwe, na hajui kama kipande kimoja cha sambusa kitamdhuru utumbo au kitamletea gesi tu. Ushauri wangu kwa kila anayesoma ni aendelee kula kama kawaida, aende kwanza hospitalini, hata kama ni kuanzia Bombo kuuliza apewe rufaa kwenda wapi, kisha ndipo aje kwa Bi Mkubwa.

La pili ni tabia ya kukipa chakula fulani sifa ya kuponya. Nimesikia muhogo ukitajwa kuwa tiba ya utumbo, mlonge ukitajwa kuwa tiba ya kila kitu, na ndizi mbichi zikipigiwa debe na mtu aliyepona kwa kuzila kila siku. Historia ya ugonjwa wenyewe inatoa jibu. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba watoto wenye siliaki waliolishwa ndizi kwa wingi walipata nafuu, na kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba ndizi ina kitu cha kuponya. Watoto kweli walipata nafuu, kwa sababu katika chakula alichowapangia mkate haukuwemo. Aliyefichua siri hiyo ni Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 alishuku ngano, akaona katika njaa ya wakati wa vita nchini mwake, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, kwamba wagonjwa wake wadogo waliendelea vizuri na kwamba mkate uliporudi waliugua tena, akayaandika yote katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Ndizi zetu za Muheza ni tamu na zina faida yake, ila mwenye kuzila pamoja na maandazi asitarajie kupona siliaki.

Kosa hili lingekuwa la kuchekesha tu kama halingegusa dawa. Kuna mwanakikao mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo wa aina ya Hashimoto, asiye na siliaki, aliyetangaza kwamba tangu aache ngano amejipunguzia vidonge mwenyewe, na baadhi ya wenzake walimpongeza. Nilikosa raha kabisa. Ni jambo la busara kwa mwenye Hashimoto kupimwa siliaki, kwa sababu maradhi hayo mawili huandamana, na ni kweli kwamba mwenye yote mawili, utumbo wake ukipona na kufyonza dawa vizuri, daktari aweza kumrekebishia kipimo cha dawa. Lakini kwa asiye na siliaki ushahidi kwamba kuacha gluteni hutuliza ugonjwa wa tezi bado ni dhaifu, na hakuna unga wa mtama unaochukua nafasi ya homoni ambayo tezi haitengenezi tena. Bi Mkubwa mwenyewe, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisimama akasema, "Mimi napika, sitibu. Vidonge vyako, mwanangu, kamuulize aliyekupa," kisha akaendelea na kazi yake. Natamani maneno hayo yangekuwa yanasemwa mwanzoni mwa kila kikao na mtu yeyote, badala ya kumsubiri mwenye nyumba.

Kwa wasio na siliaki lakini wanaona nafuu wakiacha ngano, sina ugomvi nao. Wapo watu ambao matumbo yao hayapatani na ngano kwa sababu nyingine, ikiwemo aina ya wanga uliomo ndani yake ambao hutengeneza gesi, na mwenye tumbo ndiye anayejua linavyolala. Hao wanaweza kula hapa kwa raha, wakaenda harusini wakaonja sambusa, wakarudi. Ningependa tu kikao kiwatenganishe waziwazi na wale ambao kuonja ni kujidhuru, kwa sababu mtoto wa kisukari na siliaki anayemsikia mtu mzima akijisifu kwamba yeye hula sambusa moja moja bila shida, naye atataka.

Nyota nne kati ya tano kwa mgahawa, na ya tano naizuilia mboga za majani. Kikao sikipi nyota, kwa kuwa hakiuzi kitu, ila namshauri mgeni akichukue chote kinachohusu soko, jiko, harusi na wakwe, na yanayohusu dawa na vipimo ayapeleke kwa daktari wake kabla ya kuyatenda.

Mgahawa hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri na hufungwa chakula kinapokwisha, mara nyingi saa nane mchana, Jumapili hufungwa. Kutoka Chumbageni au Raskazone bajaji hufika bila tabu, na kwa anayetoka stendi ya Kange ni vizuri apige simu kwanza kwa mtu wa Ngamiani amuulizie kama samaki yupo. Viti ni vichache, kwa hiyo wengi hubeba. Anayebeba aje na chombo chake kisafi, na Bi Mkubwa atakiosha tena mbele yake kabla ya kukijaza, wala asione amedharauliwa. Unga wa mtama, wa mchele na wa muhogo uliosagwa kwa utaratibu nilioueleza huuzwa kwa kilo, kwa bei inayozidi ya sokoni kidogo. Mkate wa kumimina wa sinia zima huagizwa siku mbili kabla, na katika kumi la mwisho la Ramadhani wiki nzima kabla, kwa sababu wakati huo hata wasio na maradhi yoyote huukimbilia.